Miaka Thelathini ya Hurshit Efendi

Nikosia, 10 Juni 1882

Daftari hili si langu. Nilipewa na Bwana Maddock, Wakili wa Serikali, niandike kiwango cha joto kila siku saa sita mchana, maana Waingereza wakiungua wanataka kujua wameungua kiasi gani. Siku ya pili nilikikalia kipimajoto. Sijamwambia. Basi nitaandika tu: joto. Nafasi inayobaki nitaijaza mambo yangu mimi, Loizos, mfasiri wa ofisi yake.

Tarehe ya humu daftarini ni ya kanisa letu. Ya serikali iko mbele siku kumi na mbili, na ya Waislamu hufuata mwezi wa mbinguni, haimsubiri mtu. Ofisini naandika ya Mwingereza, nyumbani ya padri, na nikifungua mafaili ya korti ya zamani naisoma ya mwezi. Mke wangu Rodou anasema ndiyo maana kila mwaka nasahau siku ya mtakatifu wa jina la mama yake. Si kweli. Hiyo nasahau kwa makusudi.

12 Juni

Joto.

15 Juni

Joto. Bwana Maddock amenieleza kazi ya majira haya. Kamishna Mkuu anataka ushauri wa kisheria juu ya mambo mawili: korti mpya ziweje, na watumishi wa korti ya Waturuki, waliotutawala kabla ya Waingereza, waagwe vipi itakapofungwa mwisho wa Novemba ya serikali. La kwanza amelimaliza. Kila korti itakuwa na mahakimu watatu: Mwingereza katikati, Mwislamu huku, Mkristo kule. La pili ni pensheni. Aliyetimiza miaka thelathini atalipwa mpaka kufa kwake. Aliyepungukiwa atapewa kiinua mgongo kidogo na ahsante.

Nikamuuliza, "Bwana, kwa nini thelathini?"

"Kwa sababu ishirini na tisa si thelathini."

Huyo ndiye Bwana Maddock. Mrefu, mkavu, hacheki ila akijisahau. Baadaye alijisahau kidogo, akaniambia yeye mwenyewe yuko karibu na pensheni kuliko sura yake inavyoonyesha. Alitumikia miaka minane pwani ya Afrika Magharibi, na wakubwa wake humhesabia kila miaka miwili ya kule kuwa mitatu, kwa sababu ya homa. Nikampongeza kwa homa yake. Akanitazama kama anayetafuta kosa ndani ya sentensi.

Kesho wakubwa wote wanapanda mlimani Troodos kukimbia joto. Sisi tunabaki huku kulilinda lisiibwe.

19 Juni

Joto. Nimekwenda korti ya zamani kuandika orodha ya watumishi, na orodha yote iko kichwani mwa mtu mmoja, Hurshit Efendi, karani mkuu wa masjala. Ni jirani yangu pia. Paa lake na langu yanapakana. Na kabla ya hayo yote ni mwalimu wangu. Baba alipofariki nilikuwa na miaka kumi na moja, na huyu Mwislamu akaniweka kwenye mkeka wake, akanifundisha maandishi yao mpaka nikapata mkate wa kula. Nikikosea aliniita punda. Nikipatia aliniita mtoto wa punda, akisema sifa imwendee aliyenizaa.

Nikamweleza habari ya mahakimu watatu.

"Watatu!" akasema. "Punda mmoja, wapandaji watatu. Mungu amsaidie punda."

"Mwalimu, punda ni nani?"

"Mwenye kesi, mwanangu. Nani mwingine?"

Fomu ya Bwana Maddock inauliza jina, cheo na miaka ya kazi. Watumishi wote wengine walikuwa wazi: huyu ana kumi, huyu arobaini. Hurshit Efendi akanitolea hati yake ya ajira, yenye muhuri wa jiji na alama ya kikombe cha kahawa. Aliajiriwa siku ya kwanza ya Muharram mwaka 1270 wa Kiislamu. Siku ya kwanza ya Muharram mwaka 1300 inaangukia Novemba ya serikali, wiki mbili na ushei kabla ya korti kufungwa. Hata mtoto anaweza kutoa sabini katika mia. Nikaandika: miaka thelathini.

"Chupuchupu," nikamwambia.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Binti yao aliyeolewa Antalya anawaita wavuke bahari wakaishi kwake ikiwa hakuna pensheni. Mkewe, Emete Hanim, amesema wazi kwamba yeye atakufa kabla ya kufika bandarini, na atafanya hivyo kwa hiari.

24 Juni

Joto.

5 Julai

Joto. Ramadhani imeingia. Mwalimu anakaa masjala bila tone la maji, anapanga mafaili kwa ajili ya korti mpya, akiyafunga kwa kamba moja moja. Nilisahau nikanywa maji mbele yake. "Kunywa, kunywa," akasema, "nakutazama nipoe."

20 Julai, Nabii Eliya

Joto la kuchemsha mayai. Barua imeshuka kutoka mlimani. Bwana Maddock ametia sahihi ushauri wake, na jina la Hurshit Efendi limo upande wa pensheni! Nilikwenda mbio kumwambia, nikaacha kiatu kimoja kwenye matope ya mfereji, nikafika nachechemea. Emete Hanim alinibusu kichwani, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yangu. Mwalimu alisema tu, "Alhamdulillahi," kisha akaenda uani akakaa huko muda mrefu akijifanya anakagua mizabibu.

Emete Hanim ameagiza chokaa. Anataka nyumba nzima ipakwe upya, kwa kuwa sasa ni ya kufia.

28 Julai

Joto. Wamepaka chokaa. Ukitazama ukuta wao mchana unalia machozi.

5 Agosti

Jana ilikuwa Idi yao, na sisi tuko katika mfungo wa Bikira: hakuna nyama, siagi, jibini wala yai. Emete Hanim alileta sahani ya vileja. Rodou akaanza kukuna kichwa, atakataaje bila kumuudhi.

"Kula, binti yangu," Emete Hanim akasema. "Hivi vyenu nimevikanda kwa ufuta. Vya siagi viko kwangu, nimevifungia mbali visije vikawatia dhambini."

Nawapenda watu hawa. Naliandika ili siku nikiwa na hasira na dunia nilisome.

Tulikaa uani tunakula na tikiti maji. Rodou akasema, mdomo umejaa, "Ajabu. Mwaka nilioolewa, Idi yao ilikuja wakati wa kuchuma zeituni. Nakumbuka, nilipokea vileja na mikono ina mafuta. Haijapita miaka minane, leo tunavila na tikiti maji. Mwezi wao unakimbia, ee?"

Nikamwambia ndiyo, kila mwaka unakimbia siku kumi na moja.

Kisha kipande cha tikiti kikanikwama kooni.

6 Agosti

Joto. Nimefunga mlango wa ofisi nikapiga hesabu mara nne, mara ya tano kwa zabibu juu ya meza. Muharram ya 1270 ilianza Oktoba 1853 ya serikali. Kutoka hapo mpaka mwisho wa Novemba hii, kwa jua, si miaka thelathini. Ni ishirini na tisa na miezi miwili.

Mtoto anaweza kutoa sabini katika mia, na mfasiri wa serikali pia anaweza, punda mtoto wa punda! Fomu ni ya Mwingereza. Mwingereza akisema mwaka anasema mwaka wa jua. Mimi nimeichukua miaka ya mwezi nikaibandika kwenye fomu ya jua bila hata kupepesa macho, kwa sababu nimezisoma tarehe hizo tangu utotoni na kwangu zote ni mkate ule ule.

Hakuna atakayejua. Bwana Maddock hasomi maandishi yao. Akijua, mimi nafukuzwa na mzee anaitwa tapeli. Nikinyamaza, Emete Hanim anabaki na chokaa yake.

7 Agosti

Joto. Sikupita kwake.

8 Agosti

Joto. Nilizunguka kwa njia ya sokoni nisipite mlangoni pake. Rodou ameniuliza nimefanya nini. Nikasema sijafanya kitu. Akasema, "Uso wako ni wa mtu aliyekalia kipimajoto kingine." Sikujua kwamba anajua hata kile cha kwanza.

9 Agosti

Nimemwambia mwalimu.

Nilimkuta masjala, amezungukwa na mafaili yaliyofungwa, akinywa kahawa kwa furaha ya mtu aliyetoka Ramadhani. Nilimwonyesha hesabu. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kama alivyokuwa akisahihisha imla yangu.

"Hesabu yako ni sahihi," akasema. "Lakini ni upuuzi."

"Mwalimu..."

"Nyamaza. Kiti hiki unakiona? Nimekikalia thelathini. Unataka kujua nimezihesabuje? Kwa tumbo! Ramadhani thelathini nimefunga hapa, juu ya kiti hiki, nyingine katika theluji ya Januari, nyingine katika jua kama la mwezi uliopita, ulimi umekuwa ngozi ya kiatu, na watu wananipigia kelele za mashamba na mbuzi. Thelathini, Loizos! Nani atakuja aniambie moja haikuwapo? Ipi? Anionyeshe ni njaa ipi sikuiona!"

Sijawahi kumwona amekasirika hivyo. Nilimwacha apumue. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, "Umemwambia Mwingereza?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nakupenda, mwalimu. Kwa nini kingine?"

Akachukua daftari kubwa la kesi, akalifungua katikati, akaligeuzia upande wangu. "Tafuta humo tarehe moja niliyoirudisha nyuma. Moja. Wamekuja hapa watu na mifuko mizito, na wengine na visu, wakitaka niandike kwamba shamba liliuzwa Jumanne badala ya Ijumaa. Tafuta."

"Najua haipo."

"Basi ukinipenda usinifanye mwizi uzeeni. Nenda kaseme. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nina magoti mabovu, sitaki kurudishwa njiani."

"Na Emete Hanim?"

Alilifunga daftari, akaipitisha kamba, akakosea fundo, akaanza upya.

12 Agosti, njiani

Siku mbili juu ya nyumbu mwenye mgongo kama paa la nyumba. Sitaandika zaidi.

13 Agosti, Troodos

Huku ni baridi. Mwezi wa Agosti, naapa, nimeazima blanketi. Wakubwa wanakaa katika vibanda vya mbao chini ya misonobari na wanavaa makoti mazito, wakitoa maagizo kwa watu wanaoungua.

Bwana Maddock alinisikiliza bila kuinua uso. Nilimaliza. Akasema, "Kwa hiyo ni ishirini na tisa."

"Kwa jua, Bwana."

"Nilishatia sahihi."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza. Yeye amekataa. Amesema nisimfanye mwizi."

Hapo akainua uso. Lakini akasema sheria ni sheria: alipoandika mwaka alikusudia mwaka, na mwaka mrefu hauwezi kuwa mfupi kwa sababu mzee ni mwaminifu. Angesikitika mchana kutwa na bado ingekuwa ishirini na tisa. Akavuta kalamu kulikata jina.

Sijui nilipata wapi ulimi. Labda ni nyumbu. Nilisema, "Bwana, wewe ulikaa pwani ya Afrika miaka mingapi?"

"Minane."

"Na pensheni yako itasema mingapi?"

Kalamu ikasimama.

"Itasema kumi na miwili, Bwana. Uliniambia mwenyewe. Kwa hiyo mwaka wa serikali hurefuka, nami sioni kosa, homa ni homa. Huyu mzee haombi aongezewe hata siku. Waliomwajiri walikuwa na kalenda moja na hati yake imeandikwa kwa kalenda hiyo. Kama walimwahidi kwa mwezi, nyinyi mliokuja baadaye mnampimiaje kwa jua? Amefunga Ramadhani thelathini kwenye kiti kile. Nimhesabie ngapi?"

Nje misonobari ilikuwa inavuma. Nilianza kufikiria kazi nyingine ninayoiweza, sikuipata.

"Toka nje, Loizos," akasema.

Nikatoka. Nikakaa juu ya gogo karibu saa nzima. Karani wake akaja kuniambia nishuke mjini, hakuna jibu.

15 Agosti, Bikira

Nimerudi. Joto. Kanisani sikuweza kuomba vizuri, nilikuwa nimekaa upande upande kwa sababu ya nyumbu.

Nimemwambia mwalimu kila neno. Nilipofika kwenye homa alicheka mpaka akashika ukuta, akatoka na chokaa mkono mzima. "Ulimwambia hivyo? Uso kwa uso? Mtoto wa punda wewe!"

Emete Hanim hakucheka. Ameanza kutoa nguo kwenye sanduku, anazikunja, anazirudisha.

30 Agosti

Joto. Hakuna barua.

14 Septemba, Msalaba

Joto limelegea. Hakuna barua. Hakuna mvua pia. Visima vinatoa tope, padri ametembeza picha takatifu mashambani na Waislamu wakatoka nao kuswali swala ya mvua. Pande zote mbili zimerudi kavu.

Binti wa Antalya ameandika tena. Ametaja jina la meli.

25 Septemba

Wakubwa wameshuka kutoka mlimani. Bwana Maddock amenisalimia. Pensheni hakuitaja. Ameuliza kipimajoto kiko wapi. Nimesema kweli. Akaandika mahali fulani.

Nilikuwa nikimwona mtu huyu jiwe. Sasa namtazama akifungua vitabu vyake vya sheria kimoja baada ya kingine, akitia vijikaratasi, akifuta, akianza tena, na sijui tena ni nini. Jiwe halifuti.

8 Oktoba

Imetoka hati ya Bwana Maddock! Nimepewa niifasiri, na kwa haraka nikaimwagia suruali wino. Nainakili hapa ile sehemu yake:

*Serikali inayokuja hurithi ahadi za serikali iliyoondoka, na ahadi husomwa kwa kalenda ya walioifanya. Kwa watumishi wa korti ya zamani, neno mwaka litakuwa na maana ya mwaka uliomo katika hati ya ajira. Na kwa kuwa sheria haiwezi kuwa na kalenda mbili kwa mtu mmoja, aliyehesabiwa miaka yake kwa mwezi atalipwa pia kwa mwezi, kila unapoandama.*

Pembeni ya karatasi kuna mwandiko wake mdogo: *Loizos ataijulisha Hazina mwezi ukionekana. Ana uzoefu wa vipimo.*

Nilikwenda kumshukuru. Akasema hakuna cha kushukuru, ni sheria tu. Kisha akajisahau, akacheka, na masikio yake yakawa mekundu.

Mwalimu aliisoma fasiri yangu mara mbili. Akachukua kalamu, akasahihisha herufi moja. Akanipa mkono kama mtu anayeagana na hakimu, halafu akabadili nia akanikumbatia, na kofia yake ikaanguka kwenye bakuli la mtindi. Emete Hanim aliketi papo hapo sakafuni akalia kwa sauti. Sanduku limerudishwa chini ya kitanda.

18 Novemba

Leo, tarehe thelathini ya serikali, korti ya zamani imefungwa. Hurshit Efendi ameandika mstari wa mwisho katika daftari la mwisho, akaweka tarehe yake, akaupulizia wino, akasubiri ukauke kabla ya kufunga. Alinikabidhi funguo. Alisimama akakitazama kiti. "Hakikuwa kizuri hata siku moja," akasema. Nimepeleka kiti hicho kwake kwa nyumbu, bila kumwomba mtu ruhusa.

Hakuna mvua.

29 Novemba

Leo jioni ni ya kuutafuta mwezi wa Safar. Ukionekana, mwalimu anakwenda Hazina kesho asubuhi kupokea pensheni yake ya kwanza. Karani wa Hazina amenishika mchana: "Niandikie tu kwamba umeuona, nipange kazi zangu. Nani atapanda juu kuhakikisha?"

Tulipanda juu ya mapaa, mimi langu, yeye lake, amevaa koti la sherehe alilolitoa kwa ajili ya kesho. Magharibi yote ilikuwa wingu, jeusi, la kwanza tangu masika. Tulisimama mpaka shingo zikauma.

"Upo nyuma ya lile wingu, mwalimu," nikasema. "Nimepiga hesabu. Lazima upo."

"Umeuona?"

"Sijauona, lakini hesabu..."

"Mimi sikukuuliza hesabu. Umeuona kwa macho?"

"Hapana."

"Na mimi sikuuona." Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. "Basi ni ile desturi yetu. Mwezi mpya usipoonekana, huu wa sasa unatimiza siku thelathini."

"Mwalimu, ni siku moja tu! Umesubiri majira mazima!"

"Ndiyo hiyo moja, mwanangu. Wale walinihesabia thelathini zangu zote bila kupunguza. Na mimi nitawahesabia zao."

Tone likanipiga puani. Jingine likampiga yeye kwenye kofia. Kutoka chini Rodou akapiga kelele, "Shukeni nyinyi wazee wawili, mtalowa!" na upande wa pili Emete Hanim akapiga kelele ile ile kwa Kituruki, na hakuna aliyeshuka. Mwalimu alivua kofia akaielekeza juu kama bakuli. Tulikaa pale tunalowa na koti lake la sherehe, na tulikuwa na furaha.

Nimeshuka, nimejifuta, nimeiandikia Hazina: mwezi haukuonekana, mwenye pensheni anatimiza thelathini, atakuja kesho kutwa.

Joto hakuna. Mvua.